Nilikunywa maji mengi kwenye mbio ndefu nikaumwa zaidi, nilikosea wapi?

binti_kigamboni

Wakuu habari za humu ndani. Naombeni msaada, nimezunguka na hili jambo wiki nzima na kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Mi nina miaka 34, nakimbia na jogging klabu yetu hapa Dar. Si mkimbiaji wa kutisha ila nimejiandikisha nusu marathoni ya Kili kwa hiyo kila Jumamosi tunapiga ndefu. Jumamosi iliyopita tulitoka saa 11 alfajiri, Coco, daraja la Tanzanite, mjini, tukarudi tukaongeza mzunguko mpaka zikafika kilomita 24, taratibu kabisa, tunakimbia tunatembea, kama masaa matatu na nusu hivi. Sasa kwa vile mwezi uliopita kiu ilinitesa, safari hii nikasema sikosei, mdogo wangu akawa anafuata na pikipiki kabeba deli lenye barafu na chupa za nusu lita, kila nikimuona nachukua moja, hata kama sina kiu nanywa tu. Nilivyohesabu baadaye zilikuwa chupa nane. Maji matupu, hakuna kingine.

Kufika kilomita ya 20 kichwa kikaanza kugonga, tumbo limejaa linachezacheza kama galoni, vidole vimevimba. Pete yangu ya ndoa ambayo huwa inazunguka yenyewe kidoleni nilikuja kuitoa nyumbani kwa sabuni na mafuta ya kula. Nikatapika maji meupe. Dereva wa bajaji kanirudishia chenji nikashindwa kuihesabu, nimesimama nimeshika noti ya elfu mbili naiangalia kama sijawahi kuiona. Na tangu alfajiri sijakojoa hata tone. Shangazi kuniona akasema huyu kakaukiwa mwili, nikapewa lita nzima nyingine niimalize. Hapo ndo nikazidi. Nikalala, mchana nikaamka naenda chooni kila baada ya dakika kumi, jioni nikawa mzima.

Kingine, nyumbani nina mzani. Kabla sijatoka nilikuwa kilo 58.0, niliporudi, kabla ya ile lita ya shangazi, 59.1. Yaani nimekimbia kilomita 24 nikanenepa!!

Swali langu, huku ni kupungukiwa maji au ni nini? Na je, ninunue hivi vinywaji vya wanamichezo, au madafu, au glukosi ya kopo, au ORS ya duka la dawa? Mwenye kujua kemia yake anieleze kwa lugha ya kueleweka maana form four kemia nilipata D, na hiyo D nadhani walinionea huruma.

---

Bwana_Stopuochi

Dada hiyo ni dehaidresheni tu ya kawaida. Ukiona kichwa kinauma na hukojoi ujue maji hayajatosha. Chupa nane kwa joto la Dar ni kidogo, wenzio wanakunywa mpaka kumi na mbili. Ongeza maji na glukosi vijiko vitano, mi natumia miaka yote sijawahi kuanguka.

---

Fundi_Maabara

Stopuochi mkuu, kwa heshima zote, ushauri huo unaweza kuua mtu. Ngoja nieleze, na nitakuwa mrefu, mnivumilie.

Dada, mimi nafanya kazi maabara, si daktari, sijakuona na damu yako sijaipima, kwa hiyo chukua haya kama makadirio ya mtu wa maabara aliyekaa na kalamu. Lakini mtu akiniambia amekunywa lita nne, uzito umepanda, pete haitoki na chenji hahesabu, mimi siwazi kukauka. Nawaza kwamba ameizimua damu yake kwa maji. Yaani kama mchuzi uliokuwa na chumvi yake sawasawa halafu mtu akamimina jagi la maji. Chumvi ipo ila imekuwa nyepesi. Kitaalamu inaitwa hiponatremia, sodiamu ya damu kushuka.

Tufanye hesabu ya darasa la saba. Sodiamu ya damu inatakiwa iwe kati ya 135 na 145 milimoli kwa lita. Milimoli usiiogope, ni kuhesabu chembe badala ya kupima uzito wake, kama kuuza machungwa kwa idadi na sio kwa kilo. Mwanamke wa kilo 58 karibu nusu yake ni maji, tuseme lita 29. Zidisha kwa 140 unapata 4,060. Hiyo ndo akiba yako ya asubuhi. Sasa umeingiza lita 4 na uzito umepanda kilo 1.1 tu, maana yake lita 2.9 zimetoka, karibu zote jasho. Jasho la mtu wa kawaida lina sodiamu kama 40 hivi kwa lita (watu wanatofautiana sana, kuna wa 20 na kuna wa 80), kwa hiyo umepoteza kama 116. Imebaki 3,944. Ila sasa maji yako si lita 29 tena, ni 30.1. Gawanya: 131. Tayari uko chini ya mstari. Halafu shangazi, kwa upendo wake wote, akaongeza lita moja. Gawanya kwa 31.1, unapata 127. Hapo sishangai noti ya elfu mbili kuwa ngeni.

Kwa nini kichwa? Chumvi ya nje ya seli ikiwa nyepesi maji yanahamia ndani ya seli, kule kwenye chembe nyingi zaidi, ndo ile osmosisi ya kiazi kwenye maji tuliyofanyishwa shule. Seli zinavimba. Kidole kikivimba kina nafasi, kinabana pete tu. Ubongo uko ndani ya fuvu, hauna pa kuvimbia. Ndo maana kichwa kinagonga, unatapika, unachanganyikiwa, na ikizidi ni degedege na kupoteza fahamu.

Na kutokukojoa ndiko kunakowadanganya watu wengi. Ukikimbia muda mrefu mwili unatoa homoni inayoziambia figo zishike maji, hata kama maji yamejaa. Kwa hiyo umekunywa lita nne na bomba la kutolea limefungwa. Ulipolala homoni ikashuka, bomba likafunguka, ndo ukaanza safari za chooni. Mwili wako ulijitibu wenyewe, mshukuru Mungu.

Hili si jambo la kwenye makaratasi. Marathoni ya Boston mwaka 2002 watafiti walichukua damu za wakimbiaji 488 pale mstari wa kumalizia, asilimia 13 sodiamu ilikuwa imeshuka, na mwaka huohuo mkimbiaji mwanamke wa miaka 28 alifariki kwa tatizo hilihili. Waliokuwa hatarini zaidi ni wa pole pole, waliokaa barabarani zaidi ya masaa manne, na waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Wale wa mbele hawana muda wa kunywa chupa nane.

Siku nyingine ukiona hali ile usipewe maji, nenda hospitali na useme kabisa "nimekimbia, nimekunywa maji mengi, naomba mpime sodiamu". Maana mazoea yetu mtu akianguka mbioni anatundikiwa dripu kwanza, na dripu ya kawaida kwa mtu wa aina hii inaweza kumzidishia. Dawa yake ni maji ya chumvi makali, asilimia 3, kidogokidogo, na hiyo ni kazi ya daktari.

---

binti_kigamboni

Daah. Mkuu Fundi nimesoma mara tatu, hapo kwenye mchuzi nimeelewa kabisa. Shangazi nimemsomea kanyamaza kwanza halafu kasema "basi mimi ningekuua".

Sasa ningekunywa hivi vinywaji vya wanamichezo badala ya maji ningepona? Maana kwenye chupa wameandika elektrolaiti, yaani hizo chumvichumvi, kwa herufi kubwaa.

---

Fundi_Maabara

Ungekuwa afadhali kidogo, lakini si kwa kiasi unachodhani. Geuza chupa usome nyuma, acha yale maandishi ya mbele. Nyingi za kawaida zina sodiamu kama miligramu 450 kwa lita, ndo milimoli 20. Damu yako ni 140. Kwa hiyo hata hicho kinywaji ni chepesi mara saba kuliko damu, na ni chepesi kuliko jasho lako mwenyewe. Rudisha kwenye hesabu yetu: lita nne ungepata 80, ungemaliza na 134 badala ya 131. Bado chini ya 135. Kilichokuangusha ni ujazo, aina ya kinywaji inakuja baadaye.

Sasa swali zuri ni hili, kama chumvi yenyewe ni kidogo hivyo, wanaiweka ya nini? Hapa ndo kemia inakuwa tamu.

Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna kamlango ka protini. Mlango huu haumruhusu glukosi kuingia peke yake, lazima aje na sodiamu, na si mmoja, wawili. Sodiamu wawili glukosi mmoja wanapita pamoja, na wakishapita maji yanawafuata nyuma. Aliyependekeza wazo hili ni Robert Crane, mwaka 1960 kwenye mkutano kule Prague. Kwa hiyo chumvi na sukari kwenye chupa moja si kwa ajili ya ladha, ni tiketi. Chumvi peke yake inapita pole pole, sukari peke yake inaomba sodiamu ya mwilini mwako iliyopo utumboni, zikija pamoja maji yanaingia haraka.

ORS inatumia mlango huohuo, ndo maana mtoto mwenye kipindupindu anayeharisha kama bomba bado anaweza kuokolewa kwa kikombe. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh, kwenye kambi ya wakimbizi Bangaon upande wa India, dripu ziliisha, daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye mapipa watu wanywe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. ORS ya sasa, fomula ya 2002, ina milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita, yaani idadi sawa, chembe zote jumla 245. Damu yako iko kwenye 290 hivi. Yaani wameifanya nyepesi kidogo kuliko damu makusudi ili maji yavutwe kuingia.

Kinywaji cha michezo ni ndugu yake ORS ila kapunguziwa chumvi akaongezewa sukari, kwa sababu mkimbiaji anataka na mafuta ya gari. Sukari gramu 60 mpaka 80 kwa lita. Gatorade ilianza 1965 chuo kikuu cha Florida, kocha msaidizi alimuuliza daktari wa figo, Robert Cade, kwa nini wachezaji hawakojoi baada ya mechi (unaona, swali lako dada). Akawatengenezea maji ya chumvi na sukari, yakawa mabaya hayanyweki, mke wake ndo akasema weka limau.

---

mzee_wa_ndondo

Vijana mnasumbuka. Sisi tumecheza mpira mchangani miaka ya themanini, mapumziko unapewa nusu chungwa unafyonza, unarudi uwanjani, mwisho wa mechi soda na mkate. Hakuna aliyekufa. Na pwani madafu yamejaa, dafu ni dripu ya Mungu. Haya ya milimoli ni ya kuuziwa chupa.

---

Fundi_Maabara

Shikamoo mzee. Kwenye chungwa uko sahihi kabisa na sikubishii. Mechi ya dakika tisini mnacheza na mapumziko, maji kidogo na chungwa vinatosha, na chumvi unakuja kuipata kwenye dagaa usiku. Mtu anayefanya mazoezi chini ya saa moja hahitaji chupa ya rangi ya bluu hata kidogo, hapo anauziwa.

Dafu ni zuri ila limepewa sifa zisizo zake. Limejaa potasiamu, nyingi kuliko unayoipoteza kwenye jasho mara nyingi sana, wakati kinachotoka kwa wingi kwenye jasho ni sodiamu, na sodiamu ya dafu mara nyingi ni kidogo na inabadilika dafu kwa dafu. Kata dafu, tia chumvi ya kubana kwa vidole viwili, koroga, hapo umepata kitu. Mtu mwenye matatizo ya figo asiguse bila kumuuliza daktari wake, potasiamu kwake si ya mchezo.

Soda ndo tatizo. Ina sukari gramu kumi na kitu kwa kila mililita 100, chembe zake zinaipita damu mbali sana. Ukiimwaga tumboni katikati ya mbio utumbo unaanza kwa KUTOA maji mwilini kuipunguzia ukali kabla haujaanza kuingiza. Ndo lile tumbo la kuvuta na kukimbilia kichakani. Baada ya mechi mzee kunywa tu, hapo huna haraka.

---

Bwana_Stopuochi

Sawa mkuu nimekubali yaishe, sikujua hayo ya Boston. Lakini glukosi yangu umeiacha. Glukosi si ndo hiyohiyo ya kwenye mlango? Sasa kosa langu nini? Na enaji je, maana bodaboda wote wa hapa kijiweni asubuhi ni kopo la enaji ndo wanawasha pikipiki.

---

Fundi_Maabara

Hapo umegusa penyewe. Glukosi ya kopo si mbaya, ubaya wake ni idadi. Sukari ya mezani, sukrosi, ni glukosi na fruktosi wameshikana mikono. Kwenye maji ya chupa wanahesabika kama chembe moja, wanakuja kuachanishwa na kimeng'enya kwenye ukuta wa utumbo, pale pale mlangoni. Glukosi ya kopo iko mmoja mmoja tangu mwanzo. Gramu 60 za sukari ya mezani kwenye lita zinakupa chembe kama 175, gramu 60 za glukosi kavu zinakupa 333. Uzito uleule, msongamano karibu mara mbili. Halafu wewe huwa unatia vijiko vitano vya kujaza mpaka vinamwagika kwenye nusu lita, najua, nimewaona, kwa hiyo chupa yako inaipita damu na inafanya kazi ya soda. Na hauna hata punje ya chumvi humo.

Faida nyingine ya sukari ya kawaida ni kwamba fruktosi ana mlango wake mwenyewe tofauti. Ule wa glukosi ukijaa, kwenye gramu 60 kwa saa hivi, hauongezi tena hata umwage kopo zima. Fruktosi anapita kwa jirani.

Kwa hiyo dada, mchanganyiko wa nyumbani: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai kumi na tano vya kusawazisha juu kwa kisu (ni gramu 60, usishtuke, anza hata na kumi), chumvi ROBO kijiko cha chai, limau nusu. Inakupa sodiamu kama 25 kwa lita, sawa na ya dukani au zaidi kidogo, kwa bei ya kipande cha muhogo. Ionje, iwe na chumvi ya mbali kama machozi yaliyochanganywa na maji. Ikiwa chumvi kama bahari mwaga. Wenye presha na kisukari msiifanye hii kuwa kinywaji cha kila siku, ni ya barabarani tu.

Enaji ni jamii nyingine kabisa. Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina kafeini kama miligramu 80 na sukari ya kiwango cha soda. Inakuamsha, haikunyweshi.

---

mrembo_wa_eldy

Niaje wasee, niko Eldoret, na Iten, kule wakimbiaji wetu wanafanya mazoezi, ni hapo tu. Watu wengi wanafikiria hawa mabingwa wetu wanakunywa vitu za ajabu. Asubuhi wanatoka mbio bila kunywa kitu, wakirudi ni chai ya maziwa yenye sukari mob, kikombe juu ya kikombe, na ugali baadaye. Watafiti waliokuja kuwapima walipata hivyo hivyo, wanakunywa wakisikia kiu, maji na chai, na mwili uko sawa siku kwa siku. Chai ukiangalia vizuri ina maji, sukari, na maziwa iko na sodiamu yake na protini. Huku juu pia ni baridi na hewa ni kavu, si kama Mombasa ama Dar.

Mashindano ndio tofauti. Kipchoge alipokimbia Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, ile 1:59:40, alikuwa anaangaliwa chupa kama mtoto mchanga. Alikuwa anatumia ile kinywaji ya hidrojeli, unga mmoja wao unaweka gramu 80 za wanga kwa nusu lita. Hiyo ni asilimia 14 hivi buda, ingekuwa ni sukari tu tumbo ingelipuka. Ujanja ni kwamba ndani kuna pektini na alijineti ya mwani, ikikutana na asidi ya tumbo inaganda kuwa jeli, inapita hadi kwa utumbo ikiwa imejifunika. Lakini hiyo ni ya mtu anakimbia 2:50 kwa kilomita. Mimi na wewe wa 7:00 tunaweza kunywa chai.

---

mwana_paje

Mwani? Huu wetu tunaolima huku Paje?

---

mrembo_wa_eldy

Hapana kaka, huo wenu unatoa karajina, ile ya kuweka kwa dawa ya meno na aiskrimu. Alijineti inatoka kwa mwani wa kahawia wa bahari ya baridi. Lakini zote ni mwani.

---

dada_wa_meno

Samahani naingilia kidogo kwa sababu hakuna aliyewagusia meno. Nafanya kliniki ya meno na hawa watu wa mbio na baiskeli nawaona. Vinywaji hivi vingi vina asidi ya sitriki, pH yake (kipimo cha asidi, ikishuka asidi ni kali zaidi) iko kwenye 3 hivi, na gamba la jino linaanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5. Sasa mtu anakimbia mdomo wazi, mate yamekauka, mate ndo yangesafisha ile asidi, halafu anafyonza chupa kidogokidogo kila dakika tano masaa mawili. Hiyo ni kuliogesha jino kwenye limau. Na limau la nyumbani halina msamaha, ni asidi ileile.

Kunywa kwa mafunda umeze, usiweke mdomoni ukisikilizia, fuatisha na funda la maji, na ukifika nyumbani usikimbilie mswaki hapohapo gamba likiwa laini, subiri nusu saa.

---

kaka_wa_maskati

Mie niko Maskati, site. Huku miezi ya Juni mpaka Agosti serikali imepiga marufuku kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Nataka kuongeza kitu kimoja ambacho watu wa Dar kinawahusu. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa KUKAUKA. Lita moja ya jasho ikikauka yote kwenye ngozi inaondoka na joto la kama kilokalori 580. Ikidondoka chini kwa sababu hewa imejaa unyevu, haijakupoza kitu, umeipoteza bure na chumvi yake. Kwa hiyo siku ya unyevu usitegemee chupa ikuokoe, punguza mwendo.

Na mwenye fulana nyeusi inayobaki na michoro myeupe ya chumvi ikikauka, ajijue ni mtu wa jasho la chumvi, wewe usikimbie na maji matupu masaa matatu.

---

Fundi_Maabara

Kaka umenena. Niongeze tu kwamba hiyo michoro inapungua mtu akizoea joto, wiki mbili hivi za mazoezi ya juani mwili unajifunza kuirudisha sodiamu kabla jasho halijatoka nje ya tundu. Kwa hiyo anayetoka Moshi kuja kukimbia Dar wiki ya kwanza ataona cha moto.

Dada binti, kazi yako ni moja. Una mzani, utumie. Jipime umekojoa, bila nguo zenye jasho, kabla na baada. Kilo moja iliyopungua ni lita moja uliyodaiwa. Ulipoteza 2.9 kwa masaa matatu na nusu, ni kama lita 0.83 kwa saa. Usijaze deni lote barabarani. Rudi umepungua kidogo, nusu kilo mpaka kilo moja kwa uzito wako ni sawa tu. USIRUDI umeongezeka. Kunywa ukisikia kiu, kiu si adui.

---

binti_kigamboni

Wakuu narudisha majibu. Leo tumepiga 18, masaa mawili na dakika arobaini. Nilichanganya lita moja ya Fundi kwenye chupa mbili, na maji matupu kidogo, jumla nimekunywa lita 1.4, tena kwa kiu tu, mdogo wangu nimemwambia akae na deli lake mbele huko asinifuate. Asubuhi 58.2, nimerudi 57.3. Nimepiga hesabu mwenyewe bila msaada, 0.9 jumlisha 1.4 ni 2.3, gawanya kwa masaa, inakuja 0.86. Karibu ileile ya Fundi! Mwalimu wangu wa kemia angeniona.

Kichwa hakijauma, chenji nimehesabu mpaka mia mbili aliyotaka kunila, na pete imezunguka kidoleni njia nzima. Ile fulana nyeusi imechora ramani ya Afrika mgongoni lakini, kwa hiyo kaka wa Maskati mimi ni wale wa kwako. Chumvi niongeze?

---

Fundi_Maabara

Hongera. Ongeza mpaka theluthi ya kijiko cha chai kwenye mbio zinazozidi masaa mawili, usipite hapo, na jaribu Jumamosi kabla ya kujaribu siku ya Kili.

---

Bwana_Stopuochi

Na mi nimejaribu leo. Naomba kuuliza, kijiko cha chai ni kile kidogo au hiki cha kulia wali? Nimeweka kimoja kizima cha wali kwenye lita na nimetapika kabla sijavaa viatu.

---

mzee_wa_ndondo

Njoo nikupe chungwa mwanangu.